Ndiyo ya Mateka

(Haya ni maandishi ya hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya waandishi vijana wa hadithi za fantasia. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, lakini sauti nimeiacha kama ilivyokuwa.)

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu na wanangu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie mapenzi katika hadithi za fantasia. Uwanja huo ni mpana, nami nitasimama kwenye kona yake moja tu, kwa kuwa najua wengi wenu mnaishi humo: jemadari na mateka. Mnaijua vizuri. Mji umeanguka, moshi bado unafuka, askari wanapitisha wafungwa mbele ya jemadari aliyekaa juu ya farasi mweusi. Anawatazama bila kuwaona, mpaka anamfikia mmoja ambaye hainamishi kichwa. "Huyu mleteni kwenye hema langu." Hapo msomaji anavuta shuka, anasogeza simu karibu na uso, na usingizi umeshaaga. Sehemu ya kwanza inakatika, itaendelea, na usiku huohuo watu wameanza kudai sehemu ya pili.

Sikuja kuwaambia muiache hadithi hii. Nimeisoma tangu usichana wangu, na bado naisoma. Niliwahi pia kuiandika, nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni, ndani ya kaunta buku nene. Jemadari wangu alikuwa na kovu lililoanzia kwenye nyusi likashuka mpaka shavuni. Mateka wangu alikuwa msichana msuka mikeka. Daftari lilihama kitanda hadi kitanda, likasomwa kwa tochi ndani ya chandarua, na liliponirudia lilikuwa limejaa maneno ya wenzangu pembeni: jamani, endelea, mbona hambusu. Kwenye ukurasa wa kumi na nane nikakuta maandishi ya penseli, hati ndogo iliyonyooka: "Mama yake yuko wapi?"

Niliijua hati ile. Ilikuwa ya binti mkimya wa darasa letu ambaye familia yao ilivuka mpaka ikikimbia vita. Zaidi ya hapo sitamsema, kwani maisha ni yake. Nikarudi kwenye kurasa zangu kutafuta. Kweli msuka mikeka wangu alikuwa na mama. Nilimtaja kwenye ukurasa wa pili akitia ukindu rangi. Kisha mji nikauchoma, kwa aya mbili nilizozionea fahari sana, na baada ya moto mama sikumtaja tena. Usiku wa tatu binti yake alikuwa ameshampenda mtu aliyetoa amri ya moto ule. Mimi mwandishi sikumwachia hata usiku mmoja wa kumuulizia mama yake.

Swali lile limenikaa miaka mingi, na leo nimekuja nalo hapa.

Kwanza tuitendee haki hadithi yenyewe. Nimewasikia watu wazima wenye elimu yao wakisema wasichana wanaoipenda wanapenda kuonewa. Si kweli, na ni maneno ya dharau. Hadithi hii inamchukua mtu asiye na jeshi, asiye na ukoo, asiye na hata viatu, inamsimamisha mbele ya mtu mwenye kila kitu, halafu inasema: huyu asiye na kitu ndiye atakayemtikisa yule. Kwa dada wa kazi anayesoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, wenye nyumba wakiwa wameshalala, hiyo si ndoto ndogo. Tena ufunguo anao msomaji mwenyewe. Akiogopa, anazima simu. Anaionja hatari akiwa juu ya godoro lake, na asubuhi anaamka salama. Mateka aliye ndani ya hadithi hana cha kuzima.

Ndiyo maana watunzi wengi humpa mateka nguvu fulani iliyojificha, moto uliolala mikononi au damu ya kifalme asiyoijua, ili mizani isawazike. Naelewa nia yao. Lakini uwezo wa kurusha moto ni kitu kimoja, na uwezo wa kuondoka ni kitu kingine. Nimesoma wahusika wanaoweza kupasua milima ambao hawaruhusiwi kwenda mtoni peke yao, na mwandishi haoni ajabu.

Hadithi yenyewe ni kongwe sana. Iliadi, utenzi wa kale wa Wagiriki, inaanza kwa ugomvi wa makamanda wawili kuhusu wanawake mateka. Achilles ameuteka mji wa Lyrnessos. Amemuua mume wa mwanamke aitwaye Briseis, na kaka zake watatu, watoto wa tumbo moja naye, wamekufa siku hiyohiyo. Jeshi linagawana ngawira, na Briseis anakuwa fungu la Achilles. Baadaye Agamemnon, mkuu wa jeshi lote, anamnyang'anya fungu hilo, na kutokana na hilo yanafuata maafa ya utenzi mzima.

Utenzi huo una vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000. Katika mistari yote hiyo Briseis anapewa nafasi ya kusema mara moja tu. Katika kitabu cha kwanza, watu wa Agamemnon wanapokuja kumchukua, tunaambiwa kwamba alikwenda nao bila kupenda, basi. Wasomaji wengi wameling'ang'ania jambo hilo: mnaona, alimpenda Achilles, hakutaka kumwacha! Huenda ni hivyo. Lakini mtu anayetolewa hema la muuaji wa mumewe akapelekwa hema la mkubwa wa muuaji huyo ana sababu nyingi za kwenda bila kupenda, na mapenzi ni moja tu kati ya hizo.

Achilles anasema, katika kitabu cha tisa, kwamba alimpenda mwanamke huyu kwa moyo wake, ingawa alimpata kwa mkuki. Maneno hayo yakitolewa peke yake yanaweza kuandikwa kwenye kadi ya harusi. Nendeni basi hadi kitabu cha 19. Patroclus, rafiki yake wa chanda na pete, ameshauawa vitani, na Achilles huyohuyo anasema heri Artemis, mungu wa kike wa Wagiriki, angemuua Briseis kwa mshale siku ile mji wa Lyrnessos ulipotekwa. Ninyi mnaoandika majemadari, visomeni vifungu hivyo viwili kwa pamoja. Pale ambapo mmoja ni mtu na mwenzake ni fungu la ngawira, mapenzi hupanda na kushuka kadiri mwenye mali alivyoamka.

Na ni katika kitabu hichohicho cha 19 Briseis anaposema. Anarudishwa kambini, anaukuta mwili wa Patroclus, anauangukia, anajikwaruza kifua na shingo na uso wake mzuri. Anamwambia maiti: nilipoondoka hapa nilikuacha hai. Anasimulia jinsi mumewe alivyochanwachanwa mbele ya mji wao, na kaka zake watatu. Siku ile, anasema, wewe hukutaka nilie; uliniambia utanifanya mke halali wa Achilles, na harusi itafanyika kwao. Ulikuwa mpole kwangu siku zote.

Tusipapite hapa haraka. Mwanamke huyu anawataja wafu wake kwa mara ya kwanza, katika kambi ya watu waliowaua, na mlango pekee alioupata wa kuwatajia ni kumlilia mtu wa kambi hiyo. Asingeweza kusimama akasema namlilia mume wangu. Anaweza kumlilia Patroclus, na ndani ya kilio hicho akampitisha mumewe. Halafu mshairi anaongeza jambo ambalo kila nikilifikia naweka kitabu chini kwanza: wanawake wengine wakaitikia kilio, kwa nje wakimlilia Patroclus, na kila mmoja akililia yake.

Waswahili tunayo maneno ya jambo hili, zahiri na batini, la wazi na la siri. Zahiri ni Patroclus, na batini ni kila mwanamke na msiba wake. Hiyo ndiyo lugha ya mateka, na kwetu haihitaji mkalimani.

Mkumbukeni Fumo Liyongo, kama Muhammad Kijumwa wa Lamu alivyomsimulia katika utenzi wake wa mwaka 1913. Liyongo yumo gerezani, anangoja kuuawa. Mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wanakila kila kilicho kizuri. Liyongo anaimba. Masikioni mwa walinzi, ni mfungwa anayejiliwaza. Masikioni mwa Saada, ni agizo: mwambie mama aoke mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, na ndani yake atie tupa. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, wanaupitisha. Kisha mfungwa anaomba haja ya mwisho, apigiwe gungu, na ngoma inapochemka yeye yuko ndani anakata minyororo, tupa haisikiki.

Sasa nawauliza: walinzi wale wangetunga riwaya kuhusu mfungwa wao, wangeandika nini? Wangeandika habari za mtu mwenye sauti nzuri aliyezoea kifungo chake. Labda wangesema alitupenda, maana alituimbia. Hilo ndilo linalonisumbua katika miswada mingi ninayoletewa. Ni riwaya za mlinzi. Mateka anatabasamu, na mwandishi anaandika kwamba amefurahi. Anakula, basi moyo wake umelainika. Anasema ndiyo, basi amependa. Hakuna anayeuliza kama ndani ya mkate kuna tupa.

Mateka anaweza kupenda, jamani. Sisemi hawezi, moyo wa binadamu umeshafanya makubwa kuliko hayo. Ninachosema ni kwamba wakati funguo ziko kiunoni mwa jemadari, ndiyo ya mateka haiwezi kusomwa. Yeye mwenyewe pengine hawezi kuisoma. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana ni fumbo, na wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Jemadari anayestahili kupendwa katika hadithi yako ni yule anayeanza kulisikia fumbo hilo, na likamnyima raha.

Twende Unguja kidogo. Ukitoka Mji Mkongwe ukishika njia ya kaskazini kando ya bahari, utafika kwenye magofu ya kasri la Mtoni. Salme binti Said alizaliwa hapo mwaka 1844. Baba yake ni Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na mama yake ni suria aliyeitwa Jilfidan. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Suria ni neno letu wenyewe, tunalitamka bila kushtuka. Ni mtumwa wa kike aliyechukuliwa na bwana wake kitandani. Akizaa, mtoto ni huru na ni mtoto kamili wa baba yake. Mama hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru.

Salme anasimulia mama yake alikotoka. Jilfidan alikuwa Mcherkesi, kutoka pande za milima ya Kaukasi, mtoto wa mkulima. Vita ikaingia kwao. Wazazi wakajificha na watoto wao watatu mahali chini ya ardhi, wavamizi wakawafikia, wakawaua baba na mama. Wapanda farasi watatu wakawabeba watoto watatu, kila mmoja na wake. Aliyembeba kaka mkubwa akapotea machoni mapema. Wawili waliobaki wakaenda pamoja mpaka jioni, na yule mdogo kabisa, binti wa miaka mitatu, alilia njia nzima akimwita mama. Jioni njia zao zikaachana. Jilfidan hakupata tena habari za ndugu zake mpaka anaingia kaburini.

Alipofika nyumbani kwa Seyyid Said alikuwa na umri wa miaka saba au minane hivi. Salme anaukadiria umri huo kwa jambo ambalo mimi, kwa miaka yangu yote ya kutunga, nisingeweza kulibuni: jino lake la kwanza la utoto lilimng'oka humo ndani ya nyumba yetu.

Seyyid Said hakuwa mmoja wa wale wapanda farasi. Na Salme alimpenda baba yake sana. Ndani ya kumbukumbu zake tunakutana na mzee mwenye heshima ambaye binti yake anamkumbuka kwa upole. Kwa sababu hiyohiyo jino lile linanishika koo. Halimshitaki mtu, wala halipigi kelele. Kama kulikuwa na mapenzi kati ya mtawala na suria yule alipokua, wewe na mimi hatuna dirisha la kuyaonea. Tunachokiona ni jino la mtoto, na kuta za Mtoni.

Ndiyo maana huwa nawaomba waandishi: mateka wako mpe jino. Mpe kitu kimoja kidogo cha mwili au cha nyumbani kwao ambacho maneno matamu ya jemadari hayawezi kukifuta. Usimpe hotuba ya uchungu. Hotuba za uchungu tumezisoma mpaka zimekufa. Kitu kimoja kinatosha, na ukumbuke kukirudia kwenye sura ya ishirini, pale ambapo msomaji na wewe mmekwishalewa mapenzi.

Watu wa kale walilijua jambo hili hata pale sheria zao zilipokuwa ngumu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, askari aliyempenda mwanamke mateka anaambiwa ampeleke nyumbani kwake, mwanamke anyolewe kichwa, akate kucha, avue mavazi ya kutekwa kwake, akae awalilie baba yake na mama yake mwezi mzima. Ndipo aolewe. Na askari akija kutopendezwa naye, amwache aende atakako, asimuuze kwa fedha. Siisifu sheria hiyo, maana hakuna mahali mwanamke anapoulizwa. Lakini watu wa zama za upanga walikubali kwamba kuna mwezi mzima wa kilio ambao hauna njia ya mkato. Mimi kwenye kaunta buku langu nilimpa msichana wangu siku tatu.

Sasa niseme lililo zito zaidi. Tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa Lord's Resistance Army (LRA), jeshi la Joseph Kony, waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakaondoka na wasichana 139. Sista Rachele Fassera, mtawa kutoka Italia, aliwafuata porini kwa miguu akajadiliana na kamanda wao, akarudi na wasichana 109. Thelathini wakabaki. Katika jeshi lile wasichana waliotekwa waligawiwa kwa makamanda, na neno lililotumika ni wake. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani Dominic Ongwen, mmoja wa makamanda wa LRA, kwa makosa 61, na ndoa za kulazimishwa zimo ndani yake. Alihukumiwa miaka 25. Ongwen mwenyewe alitekwa akiwa mtoto mdogo, akiwa njiani kwenda shule. Majaji waliliweka jambo hilo kwenye mizani walipopima adhabu, lakini halikufuta kosa hata moja.

Nawatajia hili kwa kuwa jemadari mwenye kidonda cha utotoni ndiye kipenzi chetu sote tulio humu. Kidonda chake ni cha kweli na kiandikwe. Lakini kisigeuzwe kuwa malipo. Mateka hakukifanya yeye kidonda kile, na si kazi yake kukiuguza akiwa amefungwa.

Tena kumbukeni mnaandika kwa Kiswahili. Wasomaji wenu wako Goma, wako Bunia, wako Bukavu. Wapo ambao wakifika kwenye sentensi "huyu mleteni kwenye hema langu" hawavuti shuka.

Nirudi kwenye ufundi, maana ndio tuliokujia. Riwaya nyingi za namna hii husimuliwa kwa zamu, sura ya mateka, kisha sura ya jemadari. Katika sura yake jemadari halali usiku, anamuwaza, ameapa hatamgusa kwa nguvu. Msomaji anatulia. Lakini mateka hajaisoma sura hiyo! Yeye amelala macho wazi anasikiliza buti zikizunguka nje ya hema. Mwandishi anasahau kwamba siri aliyomnong'oneza msomaji hakumnong'oneza mhusika, na ghafla mateka anaanza kumwamini mtu huyu kwa ushahidi ambao hana. Nikiukuta mswada umekwama hapo, huwa namwambia mwenyewe: zifungie kabatini sura zote za jemadari, halafu tusome zilizobaki. Mara nyingi tunanyamaza wote wawili. Kilichobaki ni mtu mwenye hofu, na mtu mwenye funguo anayeongea kwa sauti ya chini.

Basi jemadari aaminiwe kwa yale ambayo mateka anaweza kuyaona. Na yawe ya gharama kwake. Kumpa gauni la hariri hakumgharimu kitu, gauni lenyewe ni la nyara. Kumwokoa mikononi mwa askari walevi, tukio tunalolipenda kupita yote, ni deni na wala si zawadi: askari wale ni wa nani? Nani aliwaleta pale? Lakini kusimama mbele ya mfalme wake akasema mji ule tuliuchoma bure, kazi yake ikapotea, hilo mateka atalisikia hata akiwa jikoni. Kumletea orodha ya waliokufa, majina yakiwa yamekamilika. Kuwazika. Kumrudishia kisu chake, halafu akalala usingizi akiwa hana uhakika kitatumiwaje.

Na mateka akiwa mwanamume na jemadari akiwa mwanamke, mizani ni ileile. Msidhani kubadilisha mavazi kumebadilisha funguo.

Nimalizie na daftari langu, maana bado ninalo, na mwaka jana nilianza kuiandika upya hadithi ile. Msichana bado ni msuka mikeka. Safari hii anaamriwa kuusukia mkeka hema la jemadari. Anasuka ukili baada ya ukili, na kila ukili ameutia nakshi ya mtaa mmoja wa mji wao: mtaa wa wafinyanzi, mtaa wa kisima, uchochoro wa nyumbani kwao. Wanaopita wanaona maua. Mkeka unakamilika, unatandikwa, askari wanaingia na buti zao wanaukanyaga, na yeye yupo pembeni anatazama. Wiki nyingi zinapita. Usiku mmoja anagundua kwamba jemadari akiingia anapitia ukingoni mwa hema, anauzunguka mkeka. Hakusema lolote. Ameacha tu kuukanyaga.

Nilipoiandika aya hiyo nilijua hadithi imeanza. Sura iliyofuata nikamtoa msichana kambini. Jemadari alimpa cheti cha kupitia vizuizi, punda, na njia, na hakuomba ahadi. Msichana alimtafuta mama yake kwa mvua mbili. Akamkuta ng'ambo ya mto, moshi umemharibu macho, bado anachambua ukindu kwa kuupapasa.

Mavuno mawili baadaye anapita tena karibu na ngome ile, yeye na punda wake na mikeka ya kuuza. Jemadari anatoka nje ya lango bila upanga. Wanaongea, si mengi. Mawingu yanashuka, na anamwambia, kaa mpaka mvua ikatike.

Anamwambia, hapana.

Jemadari anaitika kwa kichwa. Anamshikia kamba ya punda ili apate kukaza mzigo. Kamba imeshalowa, fundo halishiki, wanalifunga mara tatu. Kisha msichana anashika njia yake kwenye mvua, na jemadari anabaki nje ya lango mpaka punda anapotelea kwenye kona ya mto.

Sura inayofuata bado sijaiandika.